Taya Langu Sakafuni

Tangu Jumanne sijatulia, kwa hivyo wacha niseme. Mimi ni mwalimu wa bayolojia hapa Eldoret, bado wa mkataba, na siku hiyo nilijua mwalimu mkuu, Madam Chebet, angekuja kunikagua. Kila dakika nilikuwa naangalia mlango.

Nikawaambia wanafunzi kwamba nyoka hana masikio ya nje. Taya lake la chini likigusa ardhi, mtikisiko hupita kwenye mifupa mpaka ndani ya kichwa, akajua kuna mtu anakuja.

"Tuonyeshe, mwalimu," msichana wa mbele akasema.

Kiherehere changu! Nikalala kifudifudi, kidevu kwenye sakafu ya mbao, nikafumba macho. Mbao zikatetemeka.

"Huyo ni ng'ombe wa jirani, ameingia shuleni tena," nikatangaza. "Mzito kweli. Anachechemea kidogo."

Hakuna aliyecheka. Nikadhani wamevutiwa na somo, nikaongeza, "Tena yuko na mimba."

Nilipofumbua macho, viatu vyeusi vya kike vilikuwa karibu na pua yangu.

"Endelea tu, mwalimu," Madam Chebet akasema. "Ng'ombe amekuja kukagua."