Nilivyomchagulia Mama Mkwe Choo

Ndugu zangu, choo cha kukaa hujaribiwa kwa kukikalia; miguu ikining'inia, kiache. Ndivyo nilivyowaelekeza wateja wenzangu kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mpanda, nikimchagulia mama mkwe choo, kwa kuwa magoti yamemkatalia kuchuchumaa. Kwetu Wasukuma, mkwe hakalii kiti cha mkwewe. Mimi nilikalia vyoo vinne mfululizo! Cha mwisho kilinipokea vizuri, nikafumba macho na kuguna kidogo ili waelewe. Wakacheka, kisha wakanyamaza ghafla. Kufumbua macho, mke wangu yuko mlangoni na mama yake, aliyefika mapema kutoka Kasansa. Mama mkwe akageukia ukuta.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu kwa upole, "mwambie baba huyo hicho ni chake. Changu akichague kwa macho."