Mzaliwa wa Kwanza wa Honor Duignan

Hakuwa na shahada. Hakuwa na gari wala kompyuta nyumbani. Hata Kilatini, lugha ya vitabu vya zamani vya ubatizo, hakuwa nacho, mpaka alipojifundisha kwa kamusi akiwa na miaka hamsini na miwili.

Saa tatu asubuhi, Attracta Beirne anapangusa meza ya ofisi ya parokia ya Kilcorey, Roscommon, mashambani mbali na jiji la Dublin, kisha anafungua kitabu cha mwaka 1868. Ana miaka sitini na mitatu. Analipwa kwa saa kumi na mbili kwa wiki: kufagia kanisa na kupokea simu. Kujibu barua za watu wanaotafuta walikozaliwa mababu zao, zipatazo mia mbili kwa mwaka, halipwi.

"Mtu akikuuliza kwao ni wapi, utamwambia ofisi imefungwa?" anauliza.

Barua inayomnyima raha ni ya Loretta Hanley wa Pennsylvania, mwenye miaka themanini na tisa. Babu yake, Malachy, alisema siku zote kuwa yeye ni mtoto wa Thomas Hanley na Honor Duignan wa Kilcorey. Vitabu vya ubatizo vya parokia vina wadogo zake sita. Yeye hayumo. Ukoo umenong'ona miaka mingi kwamba aliokotwa. Loretta ni mgonjwa, na anataka kujua kabla hajafa.

Kwa miezi mitano Attracta alichungulia ukurasa mmoja uliowahi kulowa maji, akiamini Malachy amejificha chini ya doa.

Alhamisi iliyopita aliingia Packie Lavin, mfugaji mstaafu, kuomba misa ya marehemu mkewe.

"Bado unalikodolea macho doa hilo? Doa halizai, dada!"

"Nyamaza, Packie. Miwani iko kichwani, wewe unaitafuta mfukoni."

Packie akacheka, akakaa kunywa chai. Binti yake, Gráinne, amerudi kutoka Dublin kujifungua.

"Mkwe wangu kanuna. Nikamwambia, kijana, uzazi wa kwanza mwanamke hurudi kwao. Hapa ndivyo ilivyo tangu enzi."

Attracta akaweka kikombe chini. "Mimi mwenyewe nilizaliwa kwa bibi, mzaa mama! Packie, mimi ni mpumbavu."

"Hilo tunalijua. Leo kuna nini?"

Akina Duignan ni watu wa ng'ambo ya mto Shannon. Kesho yake Attracta alipanda baiskeli, kilomita kumi na nane kwenye mvua, hadi parokia ya Annaghbrack. Katika kitabu cha ubatizo cha huko wino ulikuwa umefifia, na jina la baba lilibaki herufi tatu tu. Lakini Malachy alikuwepo, Novemba 1868, mama yake Honor Duignan. Msimamizi wake wa ubatizo: Sabina Hanley. Attracta alimfahamu kutoka vitabu vya Kilcorey. Ni dada yake Thomas, baba mmoja, mama mmoja.

"Shangazi alivuka mto kuja kumbeba," anasema, akijifuta macho kwa kitambaa cha vumbi. "Mtoto wa kuokota havukiwi mto."

Sasa amepanga kuzirudia barua arobaini na moja alizowahi kuzijibu "hayumo", akianza kuuliza kila mama alitoka wapi.

Lakini ya Loretta kwanza. Bibi huyo hasikii vizuri kwenye simu, na aliomba kitu cha kushika mkononi. Attracta anamalizia mstari wa mwisho: "Babu yako alizaliwa kwao mama yake, na watu wa baba yake walikuja."

Analamba bahasha, anaikandamiza kwa kiganja, anavuka barabara bila koti na kuitumbukiza kwenye sanduku la posta la kijani.