Sauti ya Gurudumu la Kushoto

Mwaka ule mvua za mwanzo ziliiharibu vibaya barabara ya Mutshatsha, nasi tulikuwa tumeenda huko kumsalimia mama yangu. Tuliporudi Kolwezi, gari letu lilikuwa likiinama mbele kila nilipokanyaga breki, na kwenye mashimo liliyumba kama mtu aliyebeba ndoo mbili zisizolingana. Mume wangu akalipeleka kwa fundi wetu, rafiki yake wa miaka mingi, anayefanyia kazi uani kwake karibu na reli. Fundi akatoa amotisa zote mbili za mbele, zile nguzo zinazopokea mishtuko ya barabara, akafunga mpya.

Kesho yake nilienda nalo shuleni ninakofundisha. Barabarani lilitulia vizuri. Lakini nilipokata kona kuingia langoni, upande wa kushoto ukalia: tong! Kama sufuria iliyogongwa kwa kijiko cha chuma. Tena usukani, ambao zamani ulikuwa ukirudi wenyewe baada ya kona, ukabaki palepale nilipouacha. Ikabidi niurudishe kwa nguvu.

Jioni nilimwambia mume wangu. Akaendesha kuzunguka mtaa, mimi nimeketi kando yake. Kwenye kona ya kwanza, tong.

“Unasikia, tata?” nikamuuliza mume wangu.

“Nini?”

“Ile sauti.”

“Mi sisikie kitu, mama. Bitu ni bipya, biache bizoee kwanza.”

Moyoni nilikasirika. Nilidhani anamlinda rafiki yake. Nikaenda kwa fundi peke yangu. Akaliendesha gari kwenye barabara iliyonyooka, akarudi akitabasamu, akasema halina neno. Kweli, kwenye barabara iliyonyooka halikuwa na neno.

Jumapili tulifika kanisani tumechelewa kidogo. Mume wangu alikuwa akigeuza gari taratibu uani ili aliegeshe, na pale likalia mara mbili mfululizo. Kina mama waliosimama mlangoni wakageuka wote. Mmoja akamwendea dirishani akicheka: “Tata, motoka yenu iko inalia sana!”

Mume wangu akamtazama, halafu akanitazama mimi. “Inalia wapi?”

Hapo hasira yangu ilikufa. Sikusikia mahubiri siku ile. Nilikuwa nikiwaza televisheni ambayo kila jioni niliipunguza sauti naye akaiongeza. Niliwaza nilivyokuwa nikimwita kutoka jikoni, halafu nikanuna kwa kuwa haitiki. Alikuwa amefanya kazi mgodini, kwenye mtambo wa kusaga mawe, tangu kabla sijamjua mpaka alipostaafu. Nyumbani tulizoea kusema kwamba vumbi ndilo hula watu. Kelele hatukuwahi kuizungumzia.

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, tukaenda kwa fundi sote wawili. Nilimweleza kwamba gari halilii likienda mbele, hulia likigeuka. Akafikiri kidogo, akasema basi hakuna haja ya kuliendesha. Akaniketisha kwenye usukani gari likiwa limesimama, akachuchumaa karibu na gurudumu la kushoto.

“Zungusha pole pole, mama. Mupaka mwisho.”

Nikazungusha. Tong.

“Eh! Minasikia,” fundi akasema. “Ni resori.” Resori ndiyo springi ile nene iliyoizunguka amotisa.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mgongoni. Alitutazama kwa zamu, kama mgeni ambaye watu wanazungumza mbele yake kwa lugha asiyoijua. Kisha akasema, bila kulaumu mtu: “Mi sisikie.”

Fundi aliinua kichwa. Nadhani alielewa upesi kuliko mimi mkewe. Alimshika mkono akamchuchumaza kando yake, akauweka ule mkono juu ya springi.

“Tia apa, tata. Mama, zungusha tena.”

Nilizungusha nikimwangalia usoni kupitia dirisha. Springi ilijikunja, ikajikunja, ikajivuta kama kitu kinachokataa, halafu ikaruka. Mabega ya mume wangu yakaruka nayo.

“Iko inaruka,” akasema. Akabaki na mkono palepale. “Na sauti iko?”

“Iko, tata. Ya nguvu,” fundi akajibu.

Akanigeukia. “Toka lini?”

“Toka motoka ilitoka huku,” nilijibu, ingawa nilijua haulizi habari za gari.

Fundi akafungua. Juu ya amotisa kuna kipande cha duara kinachoiacha springi izunguke pamoja na gurudumu. Alikuwa amekiweka juu chini, kwa hiyo kila usukani ulipokatwa springi ilikwama, ikajisokota, kisha ikajifyatua. “Ni miye njo nilikosa,” akakiri kosa, akakigeuza kile kipande. Kabla ya mchana kazi ilikuwa imekwisha.

Tulipoondoka mume wangu aliniachia niendeshe. Nilikata kona, nikalegeza mikono, usukani ukarudi wenyewe.

“Sasa?” akauliza.

“Iko kimya.”

Kisha akasema, macho yake barabarani: “Nilizania batu banaanza kunisemea na sauti ya chini juu ya mi nilizeeka. Nilisema, basi, ni heshima.”

Niliweka mkono wangu juu ya goti lake mpaka ikabidi nibadilishe gia.

Daktari wa masikio alituambia kilichokwisha hakitarudi, ila kilichobaki kinaweza kusaidiwa. Akampa kifaa kidogo cha kuvaa sikioni. Siku za kwanza kilimchosha. Alisema hakujua kwamba mifuko ya plastiki ina kelele kiasi hicho. Mimi nami nimejifunza kumwendea mbele, anione mdomo, ndipo niseme.

Mwezi uliofuata wenzake wa zamani wa mgodini walikuja kumtembelea. Niliwapikia bukari, ugali wetu, na samaki, nikaketi nikiwasikiliza. Walikuwa wakipiga kelele kila mmoja, na kila mmoja akisema “Eh?” baada ya mwenzake. Mume wangu alitoa kifaa chake, akakiweka mezani kati ya sahani, akawaeleza habari za daktari.

“Twende bote,” akawaambia. “Minabapeleka.”

Wawili walikubali. Wa tatu alitikisa kichwa akapaaza sauti hadi majirani wakachungulia: “Miye? Masikio yangu ni mazima!”

Tulicheka wote, na yule wa tatu akacheka pamoja nasi. Halafu akaniinamia na kuniuliza tunacheka nini.