Mpira Sikioni kwa Baba

Nikisikia harufu ya petroli, narudi uani kwetu Ngarenaro. Magari ya Japani yalikuwa yameanza kujaa mjini, lakini gari la zamani la mashindano lililoletwa uani bado lilimtaka fundi kama baba. Alichomeka kipande cha mpira wa maji sikioni, akasikiliza kabureta moja inavyovuta hewa, kisha ya pili, akakaza skrubu kwa bisibisi mpaka zikavuta sawasawa. Akazima injini.

Mama alitoka jikoni akikohoa, amejifunika kanga kwa ile baridi ya Mlima Meru.

“Nisikilize na mimi kifua,” alisema, akicheka kidogo.

Baba aliufuta mpira, akauweka kifuani mwa mama, kulia, kisha kushoto. Akarudi kulia. Akarudi tena kushoto.

“Pande zote mbili ziko sawa?” mama aliuliza.

“Ziko sawa,” baba alijibu, huku mkono wake ukipapasa kutafuta bisibisi, mpira ungali kifuani mwa mama.