Nguo za Madhabahuni

Mimi ni mtu wa kupenda kusifiwa. Naliweka hili mwanzoni ili msomaji asije akanionea huruma bure. Nikipata wazo zuri siwezi kukaa nalo. Lazima nisimame, niliseme mbele za watu, kisha nipitishe macho nione nani amefurahi. Labda ni ualimu. Nimefundisha Kiswahili sekondari hapa Kigali kwa miaka mingi, na mwalimu akishazoea kusikilizwa darasani huanza kudhani mtaa mzima ni darasa lake.

Nyumba yetu iko Gikondo, nyuma ya magereji, kwenye kichochoro kinachoshuka kutoka kanisani kwetu. Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la kanisa, kuna jengo la zamani lenye baraza refu, na pale barazani walikaa mafundi cherehani wanne. Sare za watoto wetu, vitenge vya harusi, suti za wazee wa kanisa, vyote vilitoka mikononi mwao. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja aliyekulia Bujumbura, Mkatoliki, mwembamba, mwenye pini mdomoni hata anapocheka. Mimi nilikulia Tanzania, upande wa Karagwe, wazazi wangu walipokuwa wakimbizi. Tulipofahamiana tukaangukia Kiswahili, yeye na chake cha mitaa ya Bujumbura, mimi na changu ambacho alisema kinamkumbusha taarifa ya habari. Nikitoka shuleni nilikuwa napitia kwake, nakaa kwenye stuli ya wateja, tunasema watu.

Yeye ndiye aliyenishonea gauni la posa ya mdogo wangu wa kiume. Nina kovu la maziwa ya moto kwenye mkono wa kushoto, kutoka utotoni, nami huwa siliongelei. Nilimpelekea kitenge na picha ya gauni la mikono mifupi kama walivyokubaliana mashangazi wote. Siku ya kwenda kujaribu nikakuta ameshona mikono mirefu ya lesi, yote miwili, na hakusema neno. Pale ukumbini watu walidhani ni fasheni. Shangazi mmoja alinuna kwamba nimejitenga na wenzangu kwa maringo, nami nikamwacha anune.

Mwaka juzi kanisa likatangaza kwamba chumba cha mbele, kilichokuwa stoo ya viti vya plastiki, kitakuwa duka la mitumba, au caguwa kama tunavyoiita hapa Kigali. Kanisa rafiki la Ulaya lingetuma marobota, na faida ingesomesha watoto wa wajane. Nani angepinga karo ya yatima? Lakini mafundi wa barazani waliingiwa na hofu. Tangu ushuru wa mitumba upandishwe, caguwa ilikuwa imeadimika na kuwa ghali, na mafundi wetu ndio kwanza walikuwa wameanza kuvuta pumzi. Sasa duka lingefunguliwa mbele ya macho yao, na la kanisa, ambalo hata kulichukia ni dhambi.

Mtaa ukagawanyika. Kina mama wenye watoto wengi walilisubiri duka kwa hamu, na haki walikuwa nayo. Mmoja wao alimwambia fundi wangu pale bombani, mbele za watu, "Kwa hiyo watoto wetu watembee uchi ili ninyi mle?" Asubuhi moja tukakuta maji machafu ya vyombo yamemwagwa mlangoni pa stoo, na maganda ya ndizi juu yake. Wamama wenzangu wa kwaya wakasema ni kazi ya Wakatoliki. Upuuzi mtupu, maana nusu ya wateja waliolisubiri duka walikuwa Wakatoliki.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika, siku ya umuganda, mtaa mzima unapotoka kufanya kazi ya pamoja na kisha kukaa mkutano. Tulikuwa tunazibua mtaro ulio kando ya kanisa. Fundi alikuja na jembe lake akasimama karibu nami.

"Mwalimu, leo utatusemea," aliniambia. "Mi nikisimama nitalia tu."

"Nitasema, dada."

"Marobota ikifika pale, sisi tumekwisha. Hiyo tu uwaambie."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Usiweke maneno mingi."

Mkutanoni, kiongozi wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, aliponipa nafasi, nilisimama na kusema vile vile: marobota yakija, mafundi wa barazani wataumia. Ningekaa hapo, leo nisingekuwa naandika. Lakini mchungaji alikuwa amesimama mbele yangu na matope kwenye buti zake, amechimba pamoja nasi tangu asubuhi, na nikaona uso wake umenywea. Siwezi kuvumilia uso ulionywea kwa sababu yangu. Basi nikaendelea. Nikasema, kwani lazima marobota? Makabati yetu yamejaa nguo tusizovaa. Kila familia ilete yake, duka liuze nguo za hapa hapa, wenye shida wavae, yatima wasome, na robota lisikanyage Gikondo. Kila mtu atakuwa ameshinda.

Wakapiga makofi mpaka nikaona aibu tamu. Mchungaji akasema Mungu amesema kupitia mwalimu. Fundi alinishika mkono kwa mkono wake wenye tope, akaubana, na mafundi wenzake wakaja kunishukuru mmoja mmoja. Nilirudi nyumbani nikimsimulia mume wangu kila neno, na baadhi ya maneno niliyaongeza.

Kumbe sikuwafahamu watu wangu, au niliwafahamu nikasahau. Kanisani kwetu kitu hakitolewi kimya kimya. Kinatolewa Jumapili, kwa mstari, kwaya ikiimba, kila mtu anapanda hadi madhabahuni na kukiweka mbele ya mchungaji huku mtaa mzima unaangalia. Nani atapanda na sweta lililotoboka viwiko? Mimi nilikuwa nimefungasha sweta kuukuu na suruali za mume wangu zilizopauka. Nilipofika nikaona mama aliye mbele yangu amekunja mkononi gauni la kitenge, limepigwa pasi, lina kola ya kusimama. Aliyemtangulia alikuwa na suti kwenye hanga. Nikamwambia mwanakwaya mwenzangu anishikie nafasi, nikashuka kichochoro mbio na viatu vya kisigino, nikafungua kabati.

Gauni la mikono ya lesi lilikuwa mbele kabisa, kwenye mfuko wake wa nailoni. Lilikuwa limeanza kunibana kiunoni. Hilo ndilo nililojiambia wakati ninalitoa, na ni kweli, ila si hilo lililonirudisha nyumbani. Nililitaka kwa sababu ndilo lingeonekana. Nikapanda nalo, nikaliweka juu ya lundo, na mke wa mchungaji akasema "Oo!" kwa sauti iliyofika hadi kwenye viti vya nyuma.

Duka likafunguliwa wiki iliyofuata. Ilikuwa zamu yangu na wenzangu wawili kutundika nguo, na hata nilipokuwa nazitundika sikuona kitu. Tulifurahi jinsi zilivyo nzuri. Tukatoa kamba hadi nje, tukazipanga kwa rangi. Ni pale nilipotoka mlangoni kuangalia linavyopendeza kutoka barabarani ndipo nikawaona mafundi. Wote wanne walikuwa wameacha cherehani. Walikuwa wanaangalia kazi zao wenyewe: vitenge vyao, kola zao, suti walizokesha nazo wakati wa harusi, zimepangwa ng'ambo ya barabara kwa bei ya kutupa.

Robota la Ulaya lingeleta makoti na jinzi. Nani Gikondo angeacha kushonesha gauni la harusi kwa sababu ya koti la baridi? Sisi tulileta kile kile walichokuwa wanauza wao, kimeshashonwa tayari. Na nguo zikiisha, Jumapili inayofuata watu wanapanda tena madhabahuni, na hakuna anayetaka kutoa pungufu ya alichotoa jirani. Mteja alikuwa ananunua gauni kwetu, anavuka barabara, anamwomba fundi ampunguzie kiuno. Basi ndiyo kazi iliyobaki barazani. Fundi mmoja akahamia Kimisagara kwa shemeji yake. Mwingine akarudi Masaka kulima kishamba cha mama yake. Wa tatu akaacha kuja, na hatukuambiwa alikoenda.

Wangu alibaki. Siku moja mchana, nikiwa peke yangu dukani, akavuka barabara. Akasalimia kwa heshima, akaanza kupita kwenye kamba, akigusa nguo moja moja. Alipofika kwenye gauni langu akasimama.

"Hii bei gani, Mwalimu?"

Nilitaka kusema haliuzwi. Lakini bei ilikuwa imebandikwa, na mwandiko ulikuwa wangu. Nikamtajia. Haikufikia hata gharama ya ile lesi.

Aligeuza gauni ndani nje, akaupitishia ubavu wake kidole.

"Ilikuwa inakubana?"

"Kidogo, dada. Kiunoni."

"Ungeniletea," alisema. "Niliacha kitambaa humu ndani. Nilijua utanenepa."

Akacheka kidogo, nami nikacheka, Mungu anisamehe. Akalirudisha kwenye hanga, akalinyoosha mabega yakae sawa, akaniaga, akavuka kurudi kwenye cherehani yake. Angenitukana ningepona. Ningejitetea, mimi ni hodari wa kujitetea, na tungegombana hadi tukapatana. Nilibaki na lile gauni mbele yangu mpaka saa ya kufunga, na kabla ya kufunga msichana mmoja akalinunua akaondoka nalo akiimba.

Baada ya hapo nikawa mteja wa kero. Nilimpelekea mapazia ya kushona upya. Nikapeleka vitambaa vya meza, foronya, aproni, vifuniko vya viti. Mume wangu alisema anaogopa kukaa kitini muda mrefu bila kusogea nisije nikamvalisha na yeye kifuniko cha maua. Fundi alivishona vyote, vizuri kama kawaida, na kila nilipomwambia abakize chenji aliniita nirudi kuichukua. Stuli ya wateja ilikuwa pale pale, lakini sikuwa na la kuzungumza. Ukimkosea mtu kwa ubaya unajua pa kuanzia. Mimi nilimkosea huku napigiwa makofi, naye alikuwa mmoja wa waliopiga.

Kuna siku nilijaribu. Nilimwambia, "Dada, ile siku ya mkutano nilisema sana."

Akatoa pini mdomoni. "Ulitusemea, Mwalimu. Watu wengine hawakutusemea kabisa."

Sikujua kama ni huruma au ni kisu. Hadi leo sijui, na sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Kisha akashindwa kodi ya baraza. Nilisikia kwa mwenye jengo, siyo kwake. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikafanya kile ninachokijua: nikapata wazo zuri. Nikaenda kwenye kamati ya wamama nikasema duka linahitaji fundi wake, wa kurekebisha nguo zilizolegea na kuweka zipu mpya, na tunaye hapo ng'ambo. Wakakubali papo hapo. Mchungaji alisema tena yale ya Mungu kusema kupitia mwalimu, na safari hii nilitamani Mungu atafute mtu mwingine.

Nilipompelekea habari alikuwa anazungushia uzi kwenye kibobini cha cherehani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nitakuwa narekebisha tu?"

"Kwa kuanzia, dada."

"Kushona mpya hapana?"

"Duka haliuzi nguo mpya."

Akatazama baraza, kwenye nafasi za wenzake ambako sasa kijana mmoja alikuwa anauza kadi za simu. "Sawa," akasema. "Nitafanyaje?"

Vijana wa kanisa wakaibeba cherehani yake kuvuka barabara. Wakaiweka kwenye kona ya ndani, nyuma ya kamba za nguo, mahali ambapo mtu aliye barabarani hamwoni fundi.

Jumapili ile mchungaji alimwalika kanisani ili atambulishwe. Alikuja, Mkatoliki wa watu, amevaa vizuri, akasimama pale pale madhabahuni palipokuwa na lundo la nguo. Mchungaji akaeleza jinsi duka lilivyoanza kwa ugomvi na jinsi Bwana alivyoleta upatanisho, kwamba leo hata fundi wa ng'ambo ni wa nyumbani. Watu wakashangilia. Kisha akasema wazo lote hili, tangu mwanzo hadi mwisho, ni la mtu mmoja, na akaniomba nisimame.

Nilisimama. Kanisa zima likageuka kunitazama. Nilimwona fundi pale mbele, anapiga makofi kwa kipimo, kama watu wengine wote. Mzee wa kanisa akaniletea kipaza sauti, akaninong'oneza niseme neno moja tu.

Nilikuwa nalo. Lilikuwa la kumwomba msamaha, nimelibeba miezi yote ile, na hapakuwa na mahali pengine pa kulisemea, kwa sababu ni mahali pale pale nilipomkosea. Nikafungua mdomo. Nikaona nyuso zimejaa furaha, zinaningoja.

"Utukufu ni wa Bwana," nikasema.

"Amina," likaitikia kanisa, na sauti ya fundi ndiyo iliyotangulia zote.