Fomu ya Pepo wa Mlandege

Bi Mwanamkasi binti Gharib alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye haya, na kazi yake serikalini ilikuwa kunyamaza. Barua ya ajira haikusema hivyo. Ilisema kwamba kuanzia mwaka 1955 atazungukia nyumba za Mlandege na mitaa ya jirani, awatazame waja wazito na wazazi walio ndani ya arubaini, ajue nyoyo zao zimekaaje. Lakini wiki zote sita za mafunzo, yule bibi wa Kizungu aliyewafundisha alirudia neno moja asubuhi na jioni: mzazi mwenye huzuni msikilize, usimpe nasaha. Wa kumpa nasaha anao tele.

Neno hilo lilimtia mashakani. Kwao kila mtu alikuwa na nasaha, hata paka wao alikuwa na sura ya kutaka kuchangia. Basi Bi Mwanamkasi akajitafutia dawa. Akishapiga hodi na kusalimiana na wenyeji, hutia tende shavuni. Mtu mwenye tende mdomoni hawezi kusema "ungefanya hivi, ungefanya vile". Anaweza kusema "mm" tu. Wanawake wakaiona ile "mm" kuwa ni elimu kubwa, wakamfungulia vifua. Mwaka ulipotimia alikuwa ameshasikia siri za mitaa mitatu na ameng'olewa meno mawili.

Ndipo alipofika nyumbani kwa Makungu, mshona magodoro.

Mke wa Makungu aliitwa Mwatum, na alikuwa na mtoto wa kiume wa siku ishirini na mbili. Nyumba ilijaa sufi. Sufi ilikuwa kwenye nyusi za Makungu na juu ya pua yake kubwa, kwenye mchuzi, kwenye ndevu za wageni. Na katika nyumba hiyo yenye magodoro tisa yaliyosimama ukutani yakingoja wenyewe, Mwatum alilazwa juu ya mkeka kwenye kitanda cha kamba, kwa sababu mama mkwe wake, Bi Borafya, aliamini kuwa godoro linalegeza mgongo wa mzazi.

Bi Borafya aliamini mengi. Aliamini kuwa mzazi akilala mchana damu hupanda kichwani. Aliamini kuwa lazima anywe mchuzi wa pilipili manga mara nne kwa siku, na mchuzi wenyewe ulikuwa mkali hivi kwamba Bi Mwanamkasi alipoonjeshwa kijiko kimoja alipiga chafya kumi na moja, akasahau jina la ofisi yake. Na aliamini kuwa mgeni hafukuzwi. Basi tangu asubuhi mpaka isha wageni waliingia, wakaketi kitandani juu ya miguu ya Mwatum, wakamtazama mtoto, wakasema ni mwembamba. Kisha wakala.

Mwatum hakuwajibu. Hakuwa akila, hakuwa akilala, na mtoto akiwekwa karibu yake alimtazama kama mtu anavyotazama mzigo ulioachwa na abiria. Bi Borafya alipoona hivyo akakata shauri: Ijumaa, mtoto atapelekwa Mkokotoni kwa dada yake, alelewe huko mpaka mama yake atakapotengenea. Kikapu cha nguo za mtoto kilikuwa kimeshafungwa, kipo mlangoni. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Bi Mwanamkasi alikiona kile kikapu. Alijua kwa kusikia kwa wengi kwamba mzazi wa namna ile akinyang'anywa mtoto hatengenei, huzama zaidi. Akaketi na tende yake akasikiliza. Lakini Mwatum hakusema kitu, na mtu asiyesema humsikilizi vizuri. Siku ya pili akaenda tena, kimya kile kile. Nje barazani, Makungu alikuwa akishona godoro, akilifumua, akilishona upya. Wanawake walikuwa wamemkataza kuingia chumbani, na hakuna aliyemwambia kinachoendelea. Alimuuliza Bi Mwanamkasi kama mkewe atakufa. Bi Mwanamkasi alisema "mm", kisha akajiona mjinga, akaitema tende akamwambia hapana, hatakufa, lakini anahitaji watu wake.

Siku ya tatu, Jumatano, Bi Borafya alikuwa ameshafikia hukumu nyingine juu ya ile ya kwanza. Mkwewe ana pepo. Fundi wa pepo aliyemwamini alikuwa amekwenda Uroa kwenye harusi na hatarudi mpaka Jumapili, kwa hiyo akafukiza ubani mwenyewe. Chumba kilijaa moshi hata wageni wakawa hawaonani, wakaendelea kula kwa kupapasa.

Ghafla, kutoka chini ya kanga aliyojifunika Mwatum, ikatoka sauti nzito kama ya mchukuzi wa bandarini.

"Nani anayenikohoza?"

Wageni walitoka wote kwa pamoja, na mlango ule ulikuwa wa mtu mmoja. Bi Borafya alibaki, maana ni nyumba ya mwanawe, lakini alijibanza nyuma ya Bi Mwanamkasi, na nyuma ya Bi Mwanamkasi palikuwa na nafasi ya kutosha.

"Msemeze," alimnong'oneza.

"Mimi? Mimi si fundi, Bi Borafya."

"Una karatasi ya serikali. Muulize alichokuja kutaka."

Bi Mwanamkasi alikuwa ameimeza tende yake, kokwa na yote. Akatoa fomu, kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuwa nacho, akaanza juu kama alivyofundishwa.

"Jina?"

"Halikuhusu."

Akaandika: halinihusu. "Umri?"

"Miaka mia tatu."

Bi Mwanamkasi akaiweka kalamu chini. Alikuwa amelelewa vizuri. "Shikamoo," alisema.

"Marahaba."

"Unaishi wapi?"

"Kwa huyu mtoto wa watu. Na pabaya, maana kitanda kinachoma mbavu."

Nyuma yake Bi Borafya aliguna. Bi Mwanamkasi akaendelea. Analala saa ngapi kwa siku? Pepo akasema halali hata dakika, kila akifumba macho anakaliwa miguu. Anakula nini? Pilipili. Angependa kula nini? Hapo pepo akasema kwa ile sauti yake nene kwamba angependa samaki, changu wa kukaanga, wa kukauka, na ndimu. Bi Borafya alijua, na mtaa mzima ulijua, ni nani katika nyumba ile aliyependa changu wa kukauka. Lakini pepo wa miaka mia tatu haulizwi maswali ya jeuri.

Lilibaki swali la mwisho, lile ambalo wengi hujibu "sina neno". Linakusumbua nini?

Sauti ilipotoka tena ilikuwa nzito bado, ila imepasuka katikati.

"Huyu niliyemkalia anaogopa. Anaogopa kumshika mwanawe, anaona atamwangusha. Kila anayeingia anamwambia mtoto mwembamba, naye anajua kosa ni lake. Na Ijumaa mnampeleka Mkokotoni, mnathibitisha kwamba kweli kosa ni lake."

Bi Mwanamkasi aliandika yote. Hakusema "mm". Aligeuka akamtazama Bi Borafya, na bibi yule aliyekuwa hajawahi kusikiliza ofisi wala mwanawe wala mkunga, alikuwa ameketi chini kwenye moshi, anafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Muulize," alisema Bi Borafya polepole, "anataka nini ili aridhike."

Pepo alitaka mambo kama pepo wote, ila hakutaka pete wala nguo nyekundu. Alitaka usingizi toka adhuhuri mpaka alasiri, mlango umefungwa. Alitaka godoro. Alitaka Makungu aruhusiwe kuingia. Alitaka mtoto asitoke nyumbani, na akiletwa kwa mama yake, bibi yake aketi naye kitandani wamshike wote wawili mpaka woga upungue. Na neno mwembamba lisitajwe tena. Bi Borafya alikubali moja moja, na kila alipokubali alisema "inshallah, bwana mkubwa".

Ofisini, karani Mkadam aliisoma ile fomu mara mbili. Akauliza kama miaka mia tatu si makosa ya kalamu. Bi Mwanamkasi akamwambia ndivyo alivyosema mwenyewe. Mkadam akauliza kama mhusika ana ajira. Akaambiwa hana. Akagonga muhuri.

Alhamisi Bi Mwanamkasi aliwakuta wageni sita wamekaa nje juani na Bi Borafya amesimama mlangoni na mwiko, akiwaambia kwamba ndani kuna mkubwa amepumzika. Bibi yule aliifurahia kazi ile kupita kiasi. Lakini Mwatum alikuwa amelia tena asubuhi, na alipomshika mtoto pamoja na mkwewe alimrudisha upesi. Bi Mwanamkasi aliondoka bila hakika.

Ijumaa alifika kabla ya saa tatu, na nyumba ilikuwa kimya. Hapakuwa na mgeni, hapakuwa na mwiko. Kikapu hakikuwapo mlangoni. Alisimama pale uchochoroni, akimwazia yule mtoto yuko njiani kuelekea Mkokotoni. Mwishowe akapiga hodi kidogo, akaingia.

Bi Borafya alikuwa amelala fofofo juu ya godoro la mteja, kinywa wazi, kikapu kitupu kichwani kama mto, sufi ikipanda na kushuka puani mwake. Na kitandani Mwatum alikuwa ameketi peke yake na mwanawe mapajani, ameshika kichwa chake kwa mikono yote miwili, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kwake mwenyewe.

"Bi Mwanamkasi, hebu njoo umtazame," alisema. "Nimekaa naye tangu alfajiri. Pua hii, wallahi, ni ya baba yake. Maskini mwanangu."