Firigisi ya Mjomba

Mjomba wangu alinidai firigisi kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Kila tulipokutana, iwe msibani, harusini au njiani tu, hata kabla ya kuulizana habari za nyumbani, alininyooshea kiganja na kusema, "Mwipwa, firigisi yangu iko wapi?" Mimi, mtoto wa dada yake, nilikuwa na jibu langu moja: "Iko njiani, Mujomba." Tulicheka kwanza, ndipo tukasalimiana kama watu wengine. Chanzo cha utani huo tulikijua sisi wawili na mke wake, basi.

Chanzo chake ni vita. Wakati ule mji wa Kindu ulikuwa umefungwa. Treni haikuja, chumvi iliuzwa kwa kijiko, na mashamba yalikuwa upande ambao hakuna aliyethubutu kwenda. Mama alibaki mjini na mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya. Mimi alinikabidhi kwa kaka yake, tukakimbilia porini kwa njia ya Punia. Huko tulijenga kibanda cha majani, tukaishi kwa muhogo na mboga za msituni. Mke wa mjomba alikuwa amebeba kuku mmoja kutoka nyumbani. Mchana kutwa alimfunga mdomo kwa kitambaa asije akalia na kutuchongea kwa wenye bunduki, na jioni alimfungua ale. Kuku huyo aliishi nasi muda mrefu, nikampenda, na siku alipochinjwa nililia.

Siku hiyo nilikuwa na homa. Mdomo ulikuwa mchungu, muhogo haukupita kooni, na nadhani ndiyo sababu kuku alichinjwa, ingawa hakuna aliyeniambia hivyo. Mke wa mjomba alimpika kwa chumvi ya majivu, akagawa kwenye majani. Firigisi aliiweka kwenye jani la mjomba.

Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni anayeheshimiwa kuliko mwenye nyumba. Mpikie mwanaume kuku mzima mwenye minofu tele, firigisi ikikosekana hujampikia kitu. Hatasema neno. Atakula, atashukuru, ataondoka, na habari yako itafika kwao kabla yake. Mwanamke haili. Bibi zetu walituambia tukiila tutazaa watoto wenye vichwa vigumu.

Mjomba aliniita nyuma ya kibanda, jani lake mkononi.

"Kula," akasema.

"Iko yako, Mujomba."

"Njo yangu, kweli. Sikupi bure, ninakukopesha. Siku utakuwa na nyumba yako, utanirudishia."

Alisimama pale akiangalia mdomo wangu mpaka nilipomeza. Halafu akanifungua viganja, mtu mzima yule, kuhakikisha sikuficha kipande. Yeye akarudi kula muhogo wake, na mkewe alipomwangalia kwa jicho la kuuliza, akasema kuku huyu alikuwa na firigisi tamu. Mkewe alikuwa ameona kila kitu.

Vita vilipotulia nikakua, nikaolewa. Mara ya kwanza mjomba alipokuja kwangu nilimpikia kuku, nikamtengea firigisi yake, akaisukuma kwa kidole. "Hapana, mwipwa. Hii iko ya bwana yako. Mimi nangoja nyumba yako." Niliona anatania, kumbe alikuwa mtu wa masharti. Mume wangu alipofariki niliendelea kuuza vitenge, nikaanza kujenga huku mtaa wa Kasuku taratibu, tofali kwa tofali. Siku nilipoingia kwenye nyumba yangu mwenyewe, nilimtumia salamu huko Mikelenge: Mujomba, njoo ule.

Mungu ni shahidi, nilikusudia kulipa.

Ila wiki hiyo binti yangu alikuja kutoka Kinshasa na mashine. Ni ya kukaanga kwa hewa, haitaki makaa wala mafuta. Imesimama wima, nyeusi, ina droo ndani, ukiichomeka inavuma. Binti alisema atanifundisha kupika grateni: viazi vimekatwa vyembamba, tabaka la viazi, tabaka la nyama, tabaka la viazi tena, juu jibini. Nilinunua viazi vya Goma vinavyokuja kwa ndege, na jibini ya duara kwa yule mfanyabiashara wa Kivu ambaye hukukatia kipande huku akikuangalia kama anayekupa figo yake. Nilimwambia makusudi kwamba ninapika kwa mashine. Hakuuliza ni mashine gani, ikaniudhi.

Mjomba alifika kwa pikipiki asubuhi ya Ijumaa, jogoo kwapani. Alikuwa amekonda, meno yamebaki machache. Alinikabidhi jogoo, akampapasa tumbo chini ya manyoya, akatabasamu.

"Nimeileta mwenyewe, usipate sababu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilielewa, na ndiyo maana sina pa kujificha. Alimchinja mwenyewe uani kwa jina la Mungu, akanawa, akaenda msikitini, akisema akirudi atakula.

Nikawasha jenereta. Mtaani kwetu jenereta ikilia majirani wanakuja na simu zao kuchaji, na siku hiyo nilifurahi waje. Walisimama jikoni wakaiona mashine. Binti akaanza kunichukua video ya kuwatumia rafiki zake. Akaniambia, "Mama, mifupa hapana. Saga nyama yote, iwe laini." Basi nikachambua jogoo wa watu, nikatoa nyama yote kwenye mfupa, nikaikatakata kwa kisu kikubwa. Nilikuwa nimevaa hereni zangu za dhahabu. Nilikata huku nikiangalia mikono yangu kwenye simu ya binti, jinsi inavyokwenda haraka, jinsi majirani wanavyoitazama. Maini nikayatupia humo. Firigisi nikaipasua, nikaiosha, nikaimenya ile ngozi yake ya njano, nikaikatakata pamoja na vingine. Nakumbuka hata ilivyoteleza chini ya kisu. Mikono ilijua inakata nini, mimi nilikuwa kwenye video.

Shingo, miguu, kichwa na mifupa yote nikatia kwenye bakuli, nikampa jirani mmoja aliyekuja kuchaji, kwa ukarimu mkubwa, mbele ya watu.

Mashine ilipoanza kuvuma jenereta ikaguna na taa zikafifia. Ikazimika. Nikawaomba majirani wachomoe simu zao, wakachomoa bila kinyongo, nami nikaiwasha tena. Ikazimika tena. Tuliendelea hivyo, mashine inapata moto, inapoa, binti anafungua droo, anafunga droo. Mwishowe jibini ikawa nyekundu juu na pembeni ikaungua, viazi vya chini vikabaki vinalia mdomoni. Chombo chenyewe kilikuwa kidogo, chakula cha watu wawili wasio na njaa. Na sikuwa nimesonga ugali wala kupika wali. Mwenye mashine anasonga ugali wa nini?

Mjomba alirudi, akaketi. Binti akamwekea kipande cha pembe nne kwenye sahani nyeupe, na uma. Mjomba akakiangalia, tabaka juu ya tabaka.

"Hii iko kitanda ao chakula?" akauliza, tukacheka wote.

"Ni grateni, Babu," binti akasema. "Nyama iko katikati."

Akaanza kula. Kwanza akainua tabaka la juu kwa ncha ya uma, akachungulia, akalilaza pembeni kwa adabu. Akaisogeza nyama iliyokatwakatwa huku na huku. Akainua tabaka la pili, akachungulia. Mwanaume wa kwetu haulizi firigisi yake mezani, anaitafuta kana kwamba anapoza chakula. Nilikuwa nikimtazama, nikijiuliza mzee anatafuta nini, mpaka alipofika tabaka la chini kabisa na kulifunua lile nalo. Hapo ndipo nilipojua.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Masikio yaliwaka moto, hereni zikawa nzito. Wakati huohuo harufu ikapanda kutoka ng'ambo ya ua: supu ya jogoo, ya mifupa, yenye pilipili na limau. Mjomba aliinua pua kidogo. Kisha akaniangalia, mara moja tu, akaona kila kitu usoni kwangu.

Akainamia sahani. Akachagua pembeni kabisa, pale jibini ilipoungua ikawa kidonge cheusi, akakitia mdomoni, akakitafuna kwa meno yake machache, taratibu, muda mrefu.

"Njo hii, yenyewe," akasema. "Nimeipata. Mwipwa, umelipa."

"Amelipa nini, Babu?" binti akauliza.

"Maneno ya wakubwa."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema, Mujomba, nimeikatakata, nisamehe, na angecheka, na deni lingebaki kama lilivyokuwa, ambalo sasa naona lilikuwa mali yangu nzuri kuliko nyumba. Binti alikuwepo, majirani walikuwa mlangoni wakingoja kuchomeka tena simu zao. Nikasema, "Asante, Mujomba." Nilimshukuru kwa kula jibini iliyoungua.

Alimaliza sahani yote, na viazi vile vigumu, bila kuuliza ugali. Alipokuwa anavaa viatu jirani akaingia na bakuli langu, limeoshwa, akaliweka mezani. "Mama, ile supu, Mungu akubariki. Watoto wamekula mpaka wamelala." Mjomba akamwitikia amina.

Ukweli kwamba ningeweza kununua jogoo wengine kumi haukunisaidia kitu. Kilichoniuma ni kwamba yeye alikuwa na njaa ya kweli kule porini na hakuisahau firigisi yake. Aliitoa akijua anatoa nini. Mimi, mwenye kushiba, niliisahau mkononi.

Tulikutana tena kwenye msiba wa shangazi. Nilimwona anakuja, nikaandaa jibu langu, iko njiani, nikaandaa na kicheko. Akanipa mkono wa kusalimia. "Jambo, mwipwa. Habari ya nyumba?" Nikasema nzuri. Akapita kwenda kukaa na wanaume. Nilikaa kwenye mkeka nikilia, wenzangu wakanifariji kwa ajili ya shangazi, na hilo nalo likaniongezea aibu.

Siku tatu hazikupita. Nilinunua jogoo, nikampika kwenye chungu juu ya makaa tangu asubuhi, peke yangu, mlango umefungwa. Firigisi nikaitoa nzima, nikaiweka kwenye bakuli lenye mfuniko na mchuzi kidogo, nikapanda pikipiki hadi Mikelenge huku nimelikumbatia.

Mjomba alikuwa barazani na mkewe, ambaye alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilipiga goti, nikatoa bakuli. Akafunua, akaangalia, akafunika.

"Mimi nilisha kula yangu," akasema.

"Mujomba, ile siku kwangu..."

"Ile siku nilikula vizuri."

Mkewe aliinua uso kutoka kwenye ungo. "Alirudi hapa anaimba," akaniambia. "Akasema mwipwa amelipa, tena ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilifurahi sana, mama. Nilikuwa pale siku ile anakupatia."

Nikisema ukweli, ninamfanya mjomba mwongo mbele ya mke wake, kwenye baraza lake. Nisiposema, siwezi kulipa. Nilimwangalia yeye anisaidie, naye alikuwa akitazama barabarani kama mtu anayengoja pikipiki ipite. Nilijionea aibu kuliko siku ya mashine, kwa sababu siku ya mashine nilikuwa na kelele ya jenereta ya kujifichia.

Kisha akalisukuma bakuli kwa kidole mpaka likagusa goti langu.

"Hii iko yako," akasema. "Nyumba ni yako, firigisi ni yako. Kula."

"Mujomba, mwanamke halagi firigisi."

Mkewe akacheka. "Na umri huo utazaa mutoto gani tena wa kichwa ngumu? Kula, mama."

Nikaitoa kwa vidole. Nilitafuna nimeinamisha kichwa, machozi yakishuka hadi kidevuni. Ilikuwa imeiva vizuri, ina chumvi ya kutosha. Mjomba aliangalia mdomo wangu mpaka nilipomeza.